Usanifu wa Majengo ya Mahakama katika Jamii ya Kidijiti: Musoma, Bunda na Butiama

Mijadala kuhusu majengo ya umma na teknolojia ya mawasiliano nchini Tanzania huanzia, kwa kawaida, kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009. Huko ni kuchelewa kuanza. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia kwa redio watu wazima wapatao milioni mbili, nao hawakusikiliza kila mmoja kwake bali katika vikundi, chini ya kiongozi aliyefunzwa kusoma kijitabu na kuongoza mjadala. Darasa au kivuli cha mti kilitosha. Hapakuwa na jengo lililosanifiwa kwa ajili ya redio, lakini asiyejua kusoma hakuachwa nje.

Mahakama ilipita njia nyingine. Masjala ya Mahakama Kuu iliyowahudumia wakazi wa Mara ilikuwa Mwanza kabla Musoma haijapata yake, na kwa mdaawa wa kawaida kupungua kwa safari hiyo kulikuwa na uzito kuliko kompyuta yoyote. Hata hivyo, Kanuni za Uwasilishaji wa Nyaraka kwa Njia ya Kielektroniki za mwaka 2018 zilibadili maana ya masjala yenyewe: waraka uliotumwa kabla ya saa sita usiku huhesabiwa kuwa umewasilishwa siku hiyo. Sharti hili huonekana kuwa la kiutaratibu tu, ilhali ni la kiusanifu. Wakili wa Musoma mwenye intaneti ofisini ameongezewa saa kadhaa katika siku ya mwisho ya rufaa. Mkulima wa pamba wa Bunda asiye na wakili hubaki na saa za dirisha la masjala, na kabla ya hapo hutafuta steshenari ya kuchapa na kuskani kwa malipo. Kwa hiyo sehemu ya masjala imehamia dukani, nje ya ramani ya msanifu na nje ya usimamizi wa Mahakama.

Kanuni za mwaka 2021 za kusikiliza mashauri kwa mtandao zinaongeza hitaji jingine. Butiama, wilaya tangu 2012, haihitaji ukumbi mkubwa ili shahidi wake asikike Musoma. Inahitaji chumba kidogo kisichopitisha kelele, chenye umeme wa akiba, na karani anayefanya kazi iliyofanywa na kiongozi wa kikundi cha redio.