Hapa Kwetu Timu Hushushwa na Nauli

Wasee, leo tuongee kuhusu mwaka wa 2008 na timu mbili ambazo zilipata raha mwaka huo.

Ya kwanza ni Portsmouth ya Uingereza. Tarehe 17 Mei 2008 walichukua Kombe la FA pale Wembley, wakaifunga Cardiff City 1-0, bao la Nwankwo Kanu wa Nigeria. Ya pili ni Mathare United. Mwaka huo huo, timu iliyozaliwa kwa mitaa ya mabanda ya Nairobi ilibeba Ligi Kuu ya Kenya. Si Gor Mahia, si AFC Leopards, si Tusker na pesa zake za bia. Maboy wa Mathare.

Zote mbili zilikuja kushushwa ngazi, na zote mbili zilikuwa zimeishiwa doo. Lakini hazikuanguka vile vile, na hiyo tofauti ndiyo nataka uione. Uingereza timu ikifilisika, inafungwa uwanjani. Hapa kwetu timu ikifilisika, haifiki uwanjani. Hivyo ni vifo viwili tofauti, na sisi huvizika kwa kaburi moja tukisema tu "walishuka."

Tuanze na Portsmouth, kwa sababu hiyo story wengi wenu mnaijua nusu. Timu ilinunua mastaa kwa mishahara ambayo haingeweza kulipa. Msimu wa 2009/10 ilipita kwa mikono ya wamiliki wanne. Februari 2010 ikawa timu ya kwanza ya Premier League kuwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi, ikakatwa alama 9, ikamaliza mkiani. Lakini angalia hii: msimu huo huo, wakiwa hawana kitu, walifika tena fainali ya Kombe la FA. Wakapigwa 1-0 na Chelsea, frikiki ya Didier Drogba. Yaani timu imefilisika na bado iko Wembley mwezi wa Mei, basi imelipiwa, jezi zimefuliwa, mashabiki wamejaa.

Kwa nini? Kwa sababu Uingereza kuanguka kuna mto chini. Timu ikitoka Premier League inaendelea kupata mgao wa pesa za ligi hiyo kwa hadi miaka mitatu. Kuna pesa za runinga, kuna tiketi, kuna uwanja unaoeleweka ni wa nani. Portsmouth waliendelea kuanguka hadi ngazi ya nne, lakini Aprili 2013 mashabiki wenyewe waliinunua timu, wengi wakitoa pauni 1,000 kila mmoja. Mwaka wa 2017 wakashinda hiyo ligi ya ngazi ya nne wakaanza kupanda.

Sasa turudi Nairobi.

Mathare United ilianzishwa 1994 kutoka kwa MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare ambacho Mkanada Bob Munro alikianzisha 1987. Sheria moja ya MYSA ilikuwa noma: timu za watoto zilipata alama kwa kushinda mechi, na pia kwa kusafisha mtaa. Ukikosa kubeba koleo na kuzibua mitaro ya maji machafu, unaweza kupoteza ligi na hujafungwa. Kutoka hapo wakachukua Kombe la Moi 1998, tena 2000. Dennis Oliech alipitia hapo kabla ya kwenda Qatar na baadaye Nantes na Auxerre kule Ufaransa. Yule Oliech aliyefunga Kenya ikiipiga Burkina Faso 3-0 kwa Kombe la Afrika la 2004 alikuwa zao la Mathare. Kwa hivyo hii si timu ndogo tunaihurumia. Hii ni shule iliyolisha Harambee Stars.

Shida ni kwamba haikuwahi kuwa na kitu chake cha kuilisha yenyewe. Hebu fikiria timu ya kawaida ya ligi yetu inaishi aje. Uwanja si wake, ni wa serikali ama wa kaunti ama wa mtu binafsi, kwa hivyo siku ya mechi ya nyumbani inakodisha. Ambulansi lazima iwepo, bila hiyo refa hapulizi. Walinzi walipwe. Wiki inayofuata mechi iko Mombasa ama Kakamega: basi, hoteli, chakula cha watu zaidi ya 20. Mlangoni wanaingia watu mia mbili, nusu wanajuana na mlinzi. Kwa hivyo pesa yote inategemea mdhamini mmoja, na kwa miaka mingi mdhamini wetu amekuwa kampuni ya kamari.

Julai 2019 ndiyo inaonyesha hiyo hatari vizuri. Tarehe 7 mwezi huo, Everton walikuja Kasarani na SportPesa kifuani, na Kariobangi Sharks wakawatoa kwa penalti. Nairobi nzima ilikuwa inaongea. Mwezi huo huo, serikali haikuongeza leseni ya SportPesa kwa sababu ya mvutano wa kodi, na baada ya hapo kampuni ikafunga mfuko wa udhamini wa michezo nchini. Ligi, Gor na Ingwe wote wakabaki bila kitu. Everton walipanda ndege wakarudi Liverpool na msimu wao ukaendelea. Sisi tulibaki na ushindi wa penalti na ligi bila mdhamini.

Ndani ya miezi michache tu, Sony Sugar ya Awendo, mabingwa wa 2006, wakatolewa kwa ligi. Hakuna aliyewafunga hadi wakashuka. Walikosa kufika kwa mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na sheria inasema ukipeana wokova tatu msimu mmoja umetoka. Timu ya kiwanda cha sukari, na kiwanda chenyewe kinapumua kwa shida. Nauli haikuwepo. Bingwa wa Kenya alishushwa na nauli.

Mathare walikuwa kwa foleni hiyo hiyo. Mwaka wa 2020 shirikisho, FKF, likaleta BetKing, kamari tena, shilingi bilioni 1.2 kwa miaka 5. Inasikika kama pesa mob. Piga hesabu na mimi. Bilioni 1.2 kwa miaka 5 ni milioni 240 kwa mwaka. Hata zote zingegawiwa timu 18 sawa kwa sawa, bila mtu mwingine kuguswa mkono, kila timu ingepata kama milioni 13. Hiyo ni kama milioni 1.1 kwa mwezi. Ukiwa na wachezaji na makocha 30, kila mtu anapata kama elfu 37, na bado hujalipa basi, hujalipa uwanja, hujalipa ambulansi. Na hiyo ndiyo siku nzuri kabisa.

Mathare United na Zoo ya Kericho walikataa kusaini hiyo mkataba, FKF ikawasimamisha mwisho wa 2020, baadaye wakarudishwa. Lakini 2021 BetKing nao wakaondoka, miaka minne kabla ya wakati. Novemba mwaka huo serikali ikavunja uongozi wa FKF na kuweka kamati ya muda. Februari 2022 FIFA ikatufungia nje. Katikati ya hizo fujo, Mathare wakawa hawafiki kwa mechi, na kamati ikawatoa kwa ligi pamoja na Vihiga Bullets. FIFA ilipotufungulia Novemba 2022 na FKF ikarudi ofisini, wakarudishwa ligi kuu, kikosi kikiwa kimeshasambaratika. Msimu wa 2022/23 ukaisha wakiwa kwa shimo. Zaidi ya miaka 20 ligi kuu, kwisha.

Kuna msee ataniambia: "Si huo msimu wa mwisho walifungwa tu kama timu yoyote?" Kwa jedwali, ndiyo. Lakini jedwali huandika tu kilichotokea ndani ya dakika 90. Haliandiki nani alikula mchana kabla ya mechi, nani alitembea hadi mazoezini, nani ameambiwa na landlord atoe vitu nje. Na usisahau njaa huvutia watu wabaya. Mwaka wa 2021 FIFA iliishusha Zoo kwa sababu ya kupanga matokeo. Sitetei hiyo tabia hata kidogo. Nasema ligi ambayo mishahara yake haina tarehe ni ligi ambayo mwenye bahasha anajua aanzie wapi.

Hii tofauti ya kufeli na kukosa kufika naijua kibinafsi. Niliacha chuo mwaka wa pili na sikuwa nimefeli kitu. Karo ilikuwa na salio, bila kumaliza salio hupati kadi ya mtihani, kwa hivyo siku ya mtihani nilikuwa Kabiria naosha vyombo. Hadi leo kuna watu wa kwetu wanasema "alishindwa na chuo." Sikuzozana nao, ni kazi bure. Lakini neno "alishindwa" linamfunga mtu mara mbili: linamnyima nafasi, halafu linamnyima sababu. Ndiyo maana nikisikia mtu kwa ukumbi wa mpira akisema timu za Kenya ni mbovu, zinashuka tu ovyo, huwa namuuliza: zilifungwa, ama hazikufika?

Na kwa sisi wa upande huu wa Nairobi, hii si story ya Mathare pekee. Nairobi City Stars ilianzia hapa jirani, Kawangware, ikiitwa World Hope. Mwaka wa 2005 ilichukua kombe la taifa. Kawangware! Mwendo wa miguu kutoka Kabiria. 2016 ikashushwa, na ilikaa chini hadi mwekezaji mpya alipoingia na pesa, ikarudi ligi kuu 2020. Angalia muundo: mwekezaji akiwepo, timu iko. Akienda, timu inaenda. Mtaa wenyewe hauulizwi.

Watu hupenda kumaliza story kama hii wakituambia sisi mashabiki tuwache Arsenal na Man U tuende viwanjani. Mimi sitaki hiyo lawama ya rahisi. Mashabiki 200 wakilipa soo mbili kila mmoja ni elfu 40. Hiyo inasaidia na ni vizuri kwenda, lakini hailipi mishahara ya mwezi. Ninachosema ni kitu kingine. Kwanza, hakuna timu inafaa kuanza msimu kabla ionyeshe pesa za usafiri za msimu mzima ziko benki. Sheria za leseni za klabu ziko kwa makaratasi, zitumike. Pili, kaunti ikabidhi timu za mtaa viwanja vya mtaa wazisimamie, wauze chai, wakodishe kwa harusi na krusedi, wapate kitu chao. Tatu, tukisaini mdhamini, tusisaini wa aina moja kila mara. Tumejenga ligi juu ya kamari, halafu tunashangaa ligi ikikaa kama mkeka: Jumamosi umeshinda, Jumapili huna nauli.

Mathare United walipanda tena ligi kuu 2024, baada ya mwaka mmoja tu chini. Nilifurahi sana. Walipanda kwa miguu yao, kwa kucheza, na hiyo inakuonyesha mpira haukuwahi kuwa shida yao. Lakini uwanja bado si wao, na basi bado linalipiwa na mtu mwingine. Portsmouth walipoanguka, walishikwa na watu elfu kadhaa wenye hisa mfukoni. Mathare wakianguka tena, nani ana hisa?