Kilebu wa Mwamgongo

Katika Mwamgongo, kijiji kilichobanwa baina ya Ziwa Tanganyika na milima, kaskazini ya Gombe iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, kilebu hakuletwa nyumbani kwa anasa, bali kwa ajili ya nyani waharibuo mihogo na mahindi. Lakini Uislamu, uliofika Ujiji, kwenye ziwa hilo hilo, pamoja na misafara ya pembe za ndovu, ulikuwa na adabu zake: katika madhehebu ya Shafii, chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi nyumba iliyoshika sheria ilimlaza kilebu uani, ikampa kigae chake, na siku za awali alipolia usiku kumtaka mamaye, watoto waliomwendea, ambao si mafakihi, ndio waliokemewa zaidi kuliko yeye.