Katiba ya Norwei na Kudumu Kwake

Katiba ya Norwei, iliyotiwa sahihi huko Eidsvoll tarehe 17 Mei 1814 na wajumbe 112, huhesabiwa kuwa ya pili kwa ukongwe, baada ya ile ya Marekani, miongoni mwa katiba za mataifa zilizoandikwa na ambazo zingali zikitumika. Ilizaliwa katika dhiki. Mfalme wa Denmark, aliyeshindwa vitani, alikuwa amelazimishwa kuiachia Uswidi nchi ambayo watu wake hawakushauriwa. Nao Wanorwei, baada ya vita vifupi vya mwaka ule ule, waliridhia kuwa chini ya taji la Uswidi, ila kwa sharti kwamba katiba yao ibaki, ikirekebishwa kadiri ya kuuhalalisha muungano na si zaidi.

Sifa za kudumu kwake aghalabu hupewa hekima ya waasisi, lakini yafaa kwanza kuitazama ibara ya 112, ambayo leo ni ya 121. Ibara hiyo haikatazi mabadiliko, bali huyakawiza: shauri hutolewa katika bunge moja, uchaguzi hupita kati, na bunge jipya ndilo hukata neno kwa theluthi mbili ya kura, mradi misingi ya katiba isikhalifiwe. Kwa hiyo ghadhabu ya wakubwa hupata muda wa kupoa, na raia hupata kusema kabla jambo halijakatwa.

Aliyeonja uchungu wa taratibu hizo ni Karl Johan, jemadari wa Kifaransa aliyepata kurithi enzi za Uswidi na Norwei, ambaye alidai tena na tena haki ya kuikataa sheria kabisa, na bunge, liitwalo Storting, likamnyima kila mara. Uwezo wake ulikuwa wa kuchelewesha tu, kwani sheria iliyopitishwa na mabunge matatu mfululizo ilishika hata asiporidhia. Na kwa njia hiyo umwinyi wa kurithi ulifutwa mwaka 1821. Akachukia hata sherehe za 17 Mei, na mwaka 1829 askari wa farasi wakawatawanya watu waliokusanyika uwanjani katika mji wa Christiania. Nathubutu kusema kwamba hakuna aliyeipendekeza katiba ile kwa watu wa kawaida kuliko mfalme huyo.

Wala maandishi yale hayakuwa bila doa. Ibara ya 2 iliwakataza Mayahudi hata kuingia nchini. Mshairi Henrik Wergeland, aliyewapigania, alifariki 1845, na katazo likaondolewa 1851. Wajesuiti, waliokatazwa vilevile na ibara hiyo, walingoja hadi 1956. Mengine yalibadilika kwa desturi kabla ya kalamu: tangu waziri mkuu Selmer alipohukumiwa kuvuliwa cheo mwaka 1884, ikawa kaida kwamba serikali isiyoaminiwa na Storting haina budi kuondoka, ilhali kaida hiyo haikuandikwa katika katiba mpaka 2007. Na lugha yenyewe ilibaki ya kikale, yenye asili ya Kidenmark, hata katika nyongeza mpya, mpaka 2014, ibara zote zilipoandikwa upya kwa miundo yote miwili ya Kinorwei cha maandishi.