Juu ya Majina ya Vitabu Vitakatifu



Katika kambi moja ya wafanyakazi wa shaba hapa Kolwezi, majirani wawili waliacha kusalimiana kwa ajili ya Goliati. Mkatoliki alikuwa na Biblia ya zamani ya Kifaransa, iliyofasiriwa kutoka Kilatini. Ndani yake Daudi ampiga Goliati katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17. Mprotestanti akafungua sura iyo hiyo katika Biblia yake ya Kiswahili, akamkuta nabii Eliya akilishwa na kunguru. Kila mmoja akamwambia mwenzake, "Mmegeuza neno la Mungu!" Mke wa mmoja wao alikuja kwangu akilia.

Hakuna aliyegeuza neno. Waebrania walikuwa na kitabu kimoja cha Samweli na kimoja cha Wafalme. Wayahudi walipoyafasiri Maandiko kwa Kigiriki, kazi iliyoanza Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristu, kila kimoja kilikatwa viwili, navyo vyote vinne vikaitwa Vitabu vya Falme. Biblia ya Kilatini ikashika hesabu hiyo. Kwa hiyo Wafalme wa Kwanza wa Mprotestanti ndio Wafalme wa Tatu wa Mkatoliki wa zamani. Biblia ya Yerusalemu, iliyotolewa kwa Kifaransa mwaka 1956, ilitumia jina la Samweli, na leo sisi nasi twasema vivyo hivyo.

Tena jina hilo lisidhaniwe kuwa la mwandishi: Samweli anakufa katika sura ya 25 ya kitabu cha kwanza, na cha pili chote chasimulia habari za Daudi!

Kitabu cha kwanza cha Musa Waebrania hukiita kwa neno lake la kwanza, Bereshiti, yaani "hapo mwanzo". Wagiriki walikiita Genesisi, yaani asili. Kiswahili kimesema Mwanzo, kikawaridhisha wote.

Waandishi wa Evanjili nao hawakutaja majina yao katika maneno waliyoyaandika. Vitabu vya kale vya Kigiriki vina kichwa "kadiri ya Matayo", maana Evanjili ni moja, nayo imeletwa kwetu kwa mikono minne. Karibu na mwaka 180 Mtakatifu Irenei, askofu wa Lyon, alikwisha kuwataja wote wanne.

Wale majirani niliwaketisha barazani, nikawasomesha kwa zamu, huyu kwa Kifaransa na huyu kwa Kiswahili, hata jiwe likampata Goliati katika paji la uso.