Hisa ya Mkulima wa Kahawa: Umiliki na Sheria ya Ushirika Bukoba na Muleba, 1932–2013

Historia ya ushirika wa kahawa mkoani Kagera imeandikwa zaidi kama historia ya siasa na bei. Makala haya yanaichunguza kama historia ya umiliki, kwa kuuliza swali moja: mkulima wa Bukoba au Muleba aliyelipia hisa katika chama chake alimiliki nini mbele ya sheria?

Katika vitabu vya sheria vya Tanganyika, Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1932 (Sura ya 211) na Sheria ya Makampuni (Sura ya 212) zilikaa jirani. Kila moja iliipa taasisi iliyosajiliwa nafsi ya kisheria. Tofauti ilikuwa katika hisa. Katika kampuni, kwa kawaida kura hufuata wingi wa hisa, na hisa huweza kuuzwa. Katika ushirika, kila mwanachama ana kura moja na hisa haiuzwi sokoni. Aidha, Msajili wa ushirika alikuwa na mamlaka ya kukagua chama na hata kukifuta. Bukoba Native Co-operative Union, iliyoanzishwa mwaka 1950, ilizaliwa ndani ya mfumo huo uliomlinda mkulima mdogo dhidi ya mwenye mtaji, lakini haukumlinda dhidi ya dola.

Udhaifu huo ulidhihirika Mei 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika nchini na kukabidhi kazi zake kwa mamlaka za mazao. Tayari sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilikuwa imekifanya kijiji kuwa chombo cha ushirika. Hivyo, aliyekuwa mwanachama kwa hisa aligeuka mwanachama kwa makazi. Kwa maoni yetu, badiliko hilo lilikuwa zito kuliko kuvunjwa kwenyewe, kwa kuwa lilikata uhusiano kati ya mchango wa mtu na haki yake. Sheria ya mwaka 1982 ilirejesha vyama vikuu. Ile ya 1991 ikarejesha uanachama wa hiari. Jina la Kagera Co-operative Union (1990) Ltd lenyewe linabeba alama ya mwanzo mpya.

Hata hivyo, haki iliyorejea ilikuwa na ngazi nyingi. Mkulima wa Muleba ni mwanachama wa chama cha msingi. Chama cha msingi ni mwanachama wa KCU. Nayo KCU ni mwanahisa wa TANICA, kampuni ya kahawa iliyopo Bukoba. Kila ngazi ina mkutano wake na bodi yake, na gawio hupita kote kabla ya kumfikia mkulima.

Kwa kuwa hisa yake haimpatii fedha anapodaiwa ada ya shule, mkulima hugeukia butura: kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya chini. Serikali imepiga marufuku butura, lakini katazo halizai mkopo.

Sheria Na. 6 ya mwaka 2013 iliunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika na kuimarisha usimamizi. Usimamizi unahitajika, lakini historia hii inaonyesha kwamba kiini cha tatizo ni hisa isiyotambulika thamani yake kwa mwenye nayo.