Mama Ntilie: Historia ya Jiji katika Majina ya Mahali pa Kula



Apitaye Kariakoo, Dar es Salaam, saa saba mchana hukutana na mkahawa, hoteli, kibanda cha chipsi na mama ntilie katika mtaa mmoja. Kote huko chakula kinauzwa, lakini majina hayo hayakuzaliwa wakati mmoja wala hayakutoka vinywani mwa watu wa aina moja. Hoja yangu ni kwamba majina hayo ni kumbukumbu ya historia ya jiji, na kwamba lile linalodharauliwa zaidi ndilo lenye mengi ya kutufundisha.

Tuanze na mkahawa. Nomino hii imejengwa juu ya kahawa, neno lenye asili ya Kiarabu, ikavishwa kiambishi cha ngeli yetu. Leo mkahawa waweza kuuza ugali kwa samaki usiwe na tone la kahawa: kinywaji kimetoweka, jina limebaki.

Hoteli ilitujia kutoka Kiingereza. Huko ni nyumba ya kulala wageni. Kwetu, kama ilivyo pia India, ni mahali pa kula hata pasipo na kitanda, na atafutaye malazi huelekezwa gesti. Mfanano huo haushangazi. Tangu Sayyid Majid aanze kulijenga jiji hili katika miaka ya 1860, wafanyabiashara wa Kihindi wamekuwa miongoni mwa wakazi wake, na chapati, bajia na kachumbari ni maneno tuliyoyapata kwa ujirani huo.

Sasa tufike kwa mama ntilie. Katika uandishi sanifu tungetarajia nitilie: kiambishi cha yambwa ni-, kitenzi tia katika kauli ya kutendea, na irabu -e ya amri. Tazameni ile l. Haisikiki katika tia, bali hujitokeza katika tilia, kama ilivyo katika kaa na kalia, zaa na zalia. Ni sauti ya kale iliyodondoka katika shina ikahifadhiwa katika mnyambuliko. Jina hili, basi, halikuundwa na kamati yoyote. Ni sentensi nzima, sauti ya mteja mwenye njaa anayenyoosha sahani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mwanafunzi, nilizoea kula wali kwa maharage kwa mama mmoja aliyepika chini ya mwembe. Hali ilikuwa ngumu, mishahara haikutosha, na wanawake wengi walianza kupika kando ya karakana na maeneo ya ujenzi. Mwaka 1983 ilikuja Sheria ya Nguvu Kazi, na watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa mijini na kurudishwa vijijini. Siku moja nilimwita mama yule "mama ntilie" mbele ya watu. Akanijibu kwa upole kwamba yeye ana watoto, na watoto wake wana majina. Niliona haya, nikamwomba radhi.

Jibu lake ndilo lililonifungulia muundo wa jina lenyewe. Katika desturi yetu mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mwanawe: Mama Juma, Mama Asha. Katika mama ntilie, nafasi ya jina la mtoto imejazwa na kilio cha mteja. Kisarufi, sisi tuliokula pale ndio tuliojifanya watoto wake. Dharau haikuwamo katika muundo; tuliitia sisi katika matumizi.

Baadaye likaenea jina mama lishe, lililojengwa juu ya kitenzi lisha. Linasikika kuwa la heshima zaidi, kwa kuwa sasa mama ndiye mtenda. Hata hivyo, heshima ya jina haikumhakikishia mahali pa kuweka jiko: mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kandokando ya barabara za jiji, na mama lishe wakiwamo.

Nihitimishe kwa ombi kwa wanafunzi. Yakusanyeni majina ya mahali pa kula, pamoja na maelezo ya wale wanaoitwa kwa majina hayo, kwa maana kibanda kikivunjwa, mara nyingi msamiati wake huondoka nacho. Nanyi mkifika kwake kula, kabla ya kunyoosha sahani, muulizeni kwanza yeye ni mama nani.