Kalamu Isiyo na Mwajiri: Funzo la Rachel Carson

Tunapojadili uhuru wa habari, aghalabu tunataja sheria, leseni na dola. Ni nadra kuuliza swali lililo chini ya hayo yote: mwandishi anakula wapi? Maisha ya Rachel Carson, Mmarekani aliyebadili namna dunia inavyozitazama dawa za kuulia wadudu, yanaonyesha uzito wa swali hilo.

Carson alizaliwa mwaka 1907 huko Pennsylvania. Mwaka 1932 alipata shahada ya uzamili ya zoolojia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, lakini ukata ulimzuia kuendelea na masomo ya udaktari. Mwaka 1936 aliajiriwa katika idara ya serikali ya uvuvi, huku akiandika makala za magazeti ili kuongeza kipato. Mwaka uliofuata dada yake alifariki, na malezi ya watoto wawili wa marehemu yakamwangukia yeye na mama yake. Mwaka 1945 alilipendekezea jarida la Reader's Digest makala kuhusu majaribio ya DDT, jarida likakataa.

Njia ilifunguka mwaka 1951, kitabu chake The Sea Around Us kilipouzwa kwa wingi. Mwaka 1952 aliacha kazi ya serikali, na tangu hapo riziki yake ikatoka kwa wasomaji. Bila hatua hiyo, ni vigumu kuwaza kwamba Silent Spring ingeandikwa. Ilitoka kwanza katika The New Yorker mwezi Juni 1962, kisha kama kitabu mwezi Septemba. Kampuni ya kemikali ya Velsicol ilitishia kumshtaki mchapishaji. Wapinzani walimwita mwanamke mwenye jazba, na wengine wakaubeza usomi wake kwa kuwa hakuwa na udaktari.

Alijibu kwa vyanzo vilivyojaza kurasa nyingi mwishoni mwa kitabu, na alijibu jukwaani. Desemba 1962, akihutubia waandishi wanawake mjini Washington, aliuliza: taasisi ya kisayansi inayofadhiliwa na viwanda inapozungumza, tunasikia sauti ya sayansi au ya mfadhili? Juni 1963 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti akiwa na saratani ambayo hakuitangaza hadharani. Alifariki Aprili 1964. Marekani ilipiga marufuku sehemu kubwa ya matumizi ya DDT mwaka 1972.

Wapo wanaodai kwamba alituachia Waafrika malaria. Dai hilo halina msingi. Hakutaka dawa zote zifutwe. Alionya kwamba matumizi holela huzalisha wadudu sugu. Hata Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unaruhusu DDT kutumika dhidi ya wadudu waenezao magonjwa.

Hapa kwetu, mwandishi wa mazingira wa kujitegemea hulipwa kwa makala, tena kwa kuchelewa. Nauli ya kufika kwenye mto uliochafuliwa huitoa mfukoni mwake, la sivyo hupanda gari la mwenye kiwanda na kupokea posho yake. Hatuwezi kumdai ujasiri huku tukimwachia njaa. Wala sisi wahadhiri hatuko pembeni, kwani swali la Carson lilituhusu pia. Tuanze kwa kutaja hadharani, katika kila utafiti tunaouchapisha, ni nani aliyeugharimia.